Karatasi Sita, Mirengo Miwili: Mwongozo kwa Mpiga Kura wa Hewani

Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027, Mungu akijalia, utaamka alfajiri pale Hewani, Tana River, utakifunga kitambulisho chako kwenye pembe ya leso au utakitia mfukoni, kisha utakwenda kupanga foleni. Ndani utapewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Kila karatasi ina rangi yake na sanduku lake. Kwa dakika chache hakuna mzee, mume, chifu wala mwaniaji atakayeona mkono wako unakwenda wapi. Mwongozo huu ni wa dakika hizo, na zaidi ni wa miezi inayozitangulia. Anayeanza kufikiri akiwa kwenye foleni, wenzake wamekwisha kumwamulia.

Jambo la kwanza ulikubali mapema ili lisikuumize baadaye: humo kwenye karatasi hutampata umtakaye kamili. Huyu ana sera nzuri ya maji lakini ardhi humwamini nayo. Yule unamjua tangu utotoni, ni mkweli, ila chama chake hakina hata bendera mjini Garsen. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na mpiga kura naye ni hivyo hivyo. Lakini mkulima wa mpunga hachukui jembe lolote tu. Anajua lipi litachimba mfereji na lipi litavunjika mpini siku ya kwanza. Kulegeza msimamo si aibu. Aibu ni kulegeza bila kujua umetoa nini na umepata nini.

Mirengo miwili inatoka wapi

Sheria ya Kenya haisemi vyama viwe viwili. Vilivyosajiliwa ni makumi. Kinachotubana ni hesabu ya urais. Ibara ya 138 ya Katiba ya 2010 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura, na juu ya hapo angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani kaunti 24. Hakuna jamii wala eneo linaloweza kufika huko peke yake. Basi kila baada ya miaka mitano vyama hukimbiliana, vikaundwa vyungu viwili vikubwa: Jubilee na CORD mwaka 2013, Jubilee na NASA 2017, Kenya Kwanza na Azimio 2022. Mwaka huo wa 2022 William Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 na Raila Odinga akapata 48.85. Wagombea wengine wawili, George Wajackoyah na David Mwaure, hata ukiwajumlisha hawakufika asilimia moja.

Sisi wa Pwani hili tulilionja kabla ya uhuru. Mwaka 1960 kulizaliwa KANU, na muda mfupi baadaye KADU, chama cha Ronald Ngala kilichodai majimbo ili jamii ndogo zisimezwe. Watu walikula viapo, wakakata urafiki, wakanuniana msikitini na kanisani kwa sababu ya vyama hivyo. Novemba 1964 KADU ikajivunja yenyewe na viongozi wake wakahamia upande wa serikali ya KANU. Haikuishia hapo. Machi 2002 chama cha NDP cha Raila kiliungana na KANU ya Moi. Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru Kenyatta na Raila, waliokuwa wameipasua nchi kwa uchaguzi wa 2017, walipeana mikono kwenye ngazi za Jumba la Harambee. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, vigogo wa ODM, chama cha Raila, waliteuliwa kuingia katika baraza la mawaziri la Ruto, akiwemo Hassan Joho aliyekuwa gavana wa Mombasa, na Machi 2025 UDA, chama cha Ruto, na ODM vikatia saini makubaliano.

Sikuelezi haya ili uichukie siasa. Nakueleza ili ujue mrengo ni kitu gani. Mrengo ni mtumbwi wa kuvukia mto. Panda, vuka, lipa nauli yako, lakini usiuhamie na familia yako, maana ukishashuka mwenye mtumbwi anakwenda zake kuchukua abiria wengine. Jirani yako ndiye utakayebaki naye ukingoni.

Kura zako hazina uzito mmoja

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunazitendea karatasi zote sita kwa kanuni moja, ilhali sheria inazihesabu kwa kanuni mbili.

Kwa urais kuna duru ya pili. Kama hakuna aliyevuka nusu, wawili wa mbele hurudi kwenu ndani ya siku 30. Duru hiyo haijawahi kufanyika nchini, lakini imekuwa ikitukaribia: mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alivuka kwa asilimia 50.07, na 2022 tumeuona mwanya ulivyokuwa mdogo. Maana yake ni kwamba ukimpa mgombea wa tatu kura yako ya urais hujaitupa mtoni. Ikiwa nyinyi wa mawazo hayo mko wengi wa kutosha, mtawalazimisha wale wakubwa wawili warudi waombe upya, na mtu anayeomba mara ya pili husikiliza zaidi. Kwa karatasi hii moyo wako una nafasi.

Kwa gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi hakuna kurudi. Aliyeongoza amepita, hata kama thuluthi mbili ya watu walimkataa. Tuseme wapiga kura ni 100. Wa kwanza apate 38, wa pili 34, wa tatu 28. Kama wale 28 wangeridhika na wa pili lau wa kwao hayupo, basi kwa uaminifu wao wamempa kiti yule ambaye hawakumtaka kabisa. Kenya nzima iliyaona hayo mwaka 1992: wapinzani waligawanyika kati ya FORD-Kenya, FORD-Asili na DP, na Moi akabaki Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura.

Kwa hiyo karatasi hizi tano uzisome kwa macho makavu. Wiki tatu au nne kabla ya siku yenyewe, jiulize ni nani wawili wenye uwezo wa kufika. Kama wako hayumo, chagua kati ya hao wawili yule ambaye ubaya wake unaweza kuuvumilia. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Ila jihadhari sana na maneno "huyo hawezi kushinda". Ndiyo silaha ya bei rahisi kuliko zote, na mara nyingi hutupwa na watu waliolipwa kuitupa. Usiyapokee kwa maneno matupu. Tazama: huyo mtu ana mawakala wa kutosha vituo vyote? Amefika vijiji visivyo vya jamii yake, au anazunguka kwao tu? Wakulima wa ukingoni na wafugaji wa bara wanamtaja wote wawili? Mwaniaji wa chama kidogo anayepita mitihani hiyo mitatu yuko karibu kuliko mwenye helikopta anayetua mara moja na kuondoka.

Na uzito wa kura yako huzidi kadiri unavyoshuka ngazi. Mwaka 2022 kaunti nzima ya Tana River ilikuwa na wapiga kura kama 141,000 kati ya milioni 22.1 wa nchi. Tofauti ya Ruto na Raila ilikuwa kura 233,211. Hata kaunti yetu yote ingelikwenda upande mmoja, peke yake isingelitosha kugeuza matokeo. Lakini katika wadi, koo tatu zikikubaliana zinamweka mtu au zinamwondoa. Mwakilishi wadi ndiye anayekaa bunge la kaunti na kupitisha bajeti ya zahanati, shule za chekechea, barabara za vijijini na maji. Basi kwa karatasi hii usilegeze kwa ajili ya mrengo. Chukua mtu bora, awe wa mrengo wako, wa mrengo mwingine, au mgombea huru asiye na chama. Hapa huna kisingizio cha Nairobi.

Watakuomba suti

Katika kila mkutano utasikia "tupigieni suti, vipande vyote sita". Hakuna sheria inayokutaka uivae. Na tayari tulikwisha kuivua sisi wenyewe. Siku ile ile moja ya Agosti 2022 wapiga kura wa Tana River walimrudisha Dhadho Godhana wa ODM kwenye ugavana, wakampa Danson Mungatana wa UDA useneta, na kiti cha mwakilishi wa wanawake wakampa Amina Dika wa KANU. Vyama vitatu, kaunti moja. Aliyekuambia mtu wa Tana hufuata wimbi tu hakuyasoma matokeo hayo.

Kuchanganya nako kuna gharama yake, nami sitakuficha. Gavana ambaye bunge la kaunti limejaa wapinzani wake anaweza kukwama kwenye bajeti miezi mizima, na dawa zikakosekana hospitali ya Ngao huku wao wakibishana Hola. Lakini gavana ambaye bunge zima ni lake naye hana wa kumuuliza. Mimi, kati ya hayo mawili, naona la pili ni baya zaidi. Mvutano huchelewesha fedha, na ukimya huzipoteza.

Hoja nyingine utakayoletewa ni ile ya "tusiwe nje ya serikali, tutakosa maendeleo". Ipime. Fedha za kaunti si hisani ya rais. Ibara ya 203 inaweka kiwango cha chini cha asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa kaunti zote, na mgao wa kila kaunti hufuata fomula. Mfuko wa Usawazishaji chini ya Ibara ya 204 uliitaja Tana River miongoni mwa kaunti 14 za kwanza zilizoachwa nyuma, na haukuuliza tulimpigia nani. Hazina ya maendeleo ya eneo bunge huja Garsen mbunge awe wa chama gani. Kuna mambo, ni kweli, yanayofuata ukaribu na Ikulu: uteuzi wa watu wakubwa, barabara kuu ipi ianze kwanza, mradi upi usukumwe. Ukiamua kutoa kura ya urais kwa ajili ya hayo, ni haki yako. Lakini udai bei yake waziwazi, mbele ya watu, si chumbani kwa mzee mmoja.

Ahadi na mwenye kazi yake

Hebu tukae chini ya mwembe kwa muda. Tuseme kuna mama mkulima wa Hewani, mwenye shamba la mpunga katika lile eneo ambalo TARDA ilichimba mifereji na kujenga tuta la kuzuia maji. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipokuja, tuta lilivunjika na mradi ukazama. Mama huyu alikuwa msichana wakati ule. Sasa mwaniaji wa wadi amesimama mbele yake, shati jeupe, miwani, anaahidi kwamba atakarabati mifereji yote ya TARDA mwaka wake wa kwanza.

"Mwanangu," mama anamwuliza, "TARDA ni ya kaunti?"

Kijana anatabasamu. "Mama, sisi tutaongea nao huko juu."

"Hapana, sikuuliza mtaongea na nani. Nimeuliza ni ya nani."

Hilo ndilo swali. TARDA ni mamlaka ya serikali ya kitaifa. Mwakilishi wadi hana kalamu ya kuiamuru. Anayekuahidi kazi isiyo yake, ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua na anakudanganya. Jedwali la Nne la Katiba limegawa majukumu. Kilimo na ugani, mifugo, zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, barabara za kaunti na vivuko ni vya gavana na bunge lake. Polisi, shule za msingi na za upili, barabara kuu na mabwawa makubwa ni vya taifa. Mbunge hutunga sheria Nairobi na husimamia basari na madarasa kupitia hazina ya eneo bunge. Yaandike kwenye daftari la mtoto, uende nayo mkutanoni.

Ukishajua kazi ni ya nani, uliza mambo manne ya kwetu, na kila mtu umwulize lile lililo chini ya mkono wake.

Wa urais na wa ubunge waulize bwawa la High Grand Falls, ambalo serikali moja baada ya nyingine imeliahidi huko juu mtoni. Wakulima wa delta hulima kwa kufuata maji yanayopanda na kushuka. Mafuriko yakizidi yanatuhamisha, na yasipokuja kabisa ardhi inakufa na chumvi ya bahari inapanda. Mtu anayesema "bwawa litaleta maendeleo" halafu hana jibu kuhusu maji yatakayoachwa yashuke, hajafikiri habari ya Hewani hata kidogo.

Wa ugavana mwulize malka. Wewe unajua: zile njia za ng'ombe kushuka mtoni wakati wa kiangazi, zinazopita kati ya mashamba. Zitapimwa? Zitaandikwa wapi? Shamba likiliwa nani analipa, na malka ikilimwa nani anaifungua? Usikubali jibu la "tutaishi kwa amani". Na swali hili lina mtihani wa ziada. Jibu atakalotoa Hewani mbele ya Wapokomo, mwambie binti yako alirekodi kwa simu. Kisha msikie jibu lake kwenye kijiji cha Waorma. Yakiwa mawili, huyo hafai kwenu wala hafai kwao.

La ardhi na hatimiliki ni la ngazi zote mbili, kwa hiyo wote waulizwe. La mwisho ni vivuko na dawa, na hilo halihitaji hotuba. Mwulize tu aliyekuwa ofisini: fedha za mwaka jana zilikwenda kijiji gani?

Kisichouzwa

Nimekuambia ulegeze hapa, ukaze pale. Kuna mahali pamoja ambapo sitaki ulegeze hata unywele.

Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa, watu wapatao 52 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa zamu ya Chamwanamuma na Kilelengwani. Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, Kipao. Hadi mwanzo wa 2013 waliokufa walikuwa zaidi ya 100, Waorma na Wapokomo. Ugomvi wa malisho na mashamba ni wa miaka mingi, lakini safari ile ulikuja wakati kiti kipya cha ugavana kinanyemelewa na uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 uko mlangoni. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Wanaoishi hapa hawakuhitaji tume kujua kwamba siasa ilimwagia moto mafuta.

Kwa hiyo mwaniaji yeyote anayekuambia kwamba kabila lingine "lirudi lilikotoka", awe wa mrengo wako, wa damu yako, amekulipia karo ya mtoto, mwondoe kwenye hesabu. Hapo hapo. Usipime sera zake nyingine. Akipenda, chongo huita kengeza, na ndivyo tulivyowaita wachochezi "wakakamavu" mpaka makaburi yakachimbwa.

Kutokana na machungu hayo, wazee wa Gasa kwa upande wa Wapokomo na wa Matadeda kwa upande wa Waorma na Wawardei wamekuwa wakikaa pamoja, na kila uchaguzi ukikaribia huzuka mazungumzo ya kugawana viti: jamii hii ichukue ugavana, ile useneta, nyingine ubunge. Huku nako ni kulegeza, pengine kukubwa kuliko kote, kwa sababu unaambiwa uamuzi umekwisha kufanywa kabla hujafika kwenye sanduku. Nauunga mkono kwa kiasi. Kikao cha wazee kilichozuia panga moja kina thamani kuliko mikutano kumi ya mirengo. Lakini uliza Wamunyoyaya, Wawata na Wailwana walikuwa na nani kikaoni. Uliza wanawake walikuwa wangapi. Uliza kama mtu aliyetajwa ametajwa kwa uwezo wake au kwa zamu ya ukoo. Na ujue kwamba makubaliano ya wazee ni ushauri. Yakikuridhisha yafuate, yasipokuridhisha karatasi bado iko mkononi mwako, na hakuna mzee atakayejua.

Siku yenyewe na kabla yake

Usiharibu kura kwa hasira. Wapo wanaodhani kuchora msalaba kwenye karatasi nzima ni kutuma ujumbe. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizokataliwa haziingii katika hesabu ya asilimia ya urais. Hakuna anayezisoma. Mwaka 2022 zilizokataliwa katika urais zilipita 113,000, takriban nusu ya tofauti iliyokuwapo kati ya mshindi na wa pili. Alama moja, katika kisanduku kimoja, karatasi katika sanduku la rangi yake.

Kura zikishahesabiwa kituoni, matokeo ya urais huandikwa kwenye fomu 34A na nakala hubandikwa mlangoni. Ipige picha. Ukisikia usiku huo redioni idadi tofauti na ile uliyoiona kwa macho yako, unacho cha kuonyesha, na huna haja ya kumkimbilia jirani na rungu.

Yote haya hayafai kitu kama jina lako halimo kwenye sajili. Ukiwa umehama kwa ajili ya mafuriko, kituo chako huenda bado ni kile cha zamani, na kuhamisha ni kazi ya ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge la Garsen, tena hufungwa kabla ya uchaguzi. Na kama kitambulisho chako kilikwenda na maji, anza kwa chifu wiki hii, umchukue na yule kijana wako aliyetimiza miaka 18.